Likizo Yenye Herufi Kubwa

Jumapili, mwezi wa sita. Gatongora, Ruiru.

Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Juni yasiyonyesha wala kuacha. Majirani wa mkono wa kushoto wameenda kanisani wote, wa kulia bado wamelala. Nimekaa kitandani na blanketi mabegani. Nimechemsha chai mara mbili, na mara zote mbili nimeisahau mpaka ikapoa. Tangu juzi sijaongea na mtu ana kwa ana, ila mama wa maziwa, na yeye tuliongea kuhusu baridi.

Nataka kuandika kilichotokea wiki hii kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni fundi wa friji. Nina miaka arobaini na moja na binti mmoja wa miaka kumi, Wanjiku. Alipewa jina la mama yangu, kwa hivyo mimi humwita Maitu, yaani mama, kama baba yeyote wa Kikuyu anavyomwita binti aliyechukua jina hilo. Watu wengine wote humwita Shiku. Anaishi Thika, mtaa wa Kamenu, na mama yake, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Tuliachana mwaka jana. Kabla ya hapo tuliishi Membley, sisi watatu, nyumba yenye ua mdogo mbele. Siku hizi nikiitwa huko kutengeneza friji ya mtu, huwa nazunguka kwa barabara ya nyuma nisipite pale.

Hatukupelekana kortini. Tulikwenda kwa wakili mmoja mjini Thika, mzee mpole, akatuandikia mkataba wa malezi. Mama Shiku ndiye aliyeomba uandikwe kwa Kiswahili, "ili mtu asije akasema hakuelewa." Kurasa sita. Yeye aliusoma wote palepale ofisini, kalamu mkononi, kama anayesahihisha insha. Mimi nilifungua ukurasa wa nne, panapoeleza nitamwona mtoto lini. Nikaona neno Wikendi, nikaona neno Likizo, nikauliza sahihi inatiwa wapi.

Ukurasa wa kwanza sikuusoma. Nani husoma ukurasa wa kwanza?

Sasa, Jumatano ya wiki hii. Shule zilikuwa zinafungwa kesho yake kwa likizo fupi, zile siku nne za katikati ya muhula. Nilikuwa nimesugua chumba, nimetafuta godoro dogo na shuka za zambarau, rangi anayoipenda. Nilikuwa nimempigia mama yangu kule Gatundu nikamwambia Ijumaa namletea wajina wake. Mama anakaribia miaka themanini na macho yake yameingia ukungu. Siku hiyohiyo alianza kuchagua ni jogoo yupi atakayechinjwa.

Kisha nikampigia Mama Shiku kuuliza nimchukue mtoto saa ngapi.

"Kumchukua kwenda wapi?" akasema.

"Kwangu. Si shule zinafungwa kesho?"

"Baba Shiku, likizo fupi haimo. Sisi tumepanga kwenda kwa dada yangu Nyeri."

"Haimo wapi? Mkataba unasema Likizo tunagawana nusu kwa nusu."

"Soma kifungu cha kwanza."

"Likizo ni likizo!"

"Soma kwanza, halafu unipigie."

Sitaandika yote niliyosema baada ya hapo. Nilimwambia ameninyang'anya mtoto kwa sarufi. Nilimwambia anafurahia. Nilimtaja marehemu baba yake, mtu ambaye hakuwahi kunikosea lolote. Mama Shiku alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akakata simu.

Niliutoa mkataba kwenye bahasha yake nikaketi hapa nilipoketi sasa.

Kifungu cha 1: Ufafanuzi wa Maneno. "Katika Mkataba huu, isipokuwa pale ambapo muktadha unahitaji vinginevyo..." Chini yake maneno yamepangwa moja baada ya jingine. Mtoto ni Wanjiku. Mama yake ni "Mzazi Mkaazi, hapa chini ataitwa MK." Mimi ni "Mzazi wa Ziara, hapa chini ataitwa MZ."

Mzazi wa Ziara.

Nikafunua kurasa zilizobaki kuona wanavyonisema. MZ atamrudisha Mtoto kabla ya saa kumi jioni. MZ hatabadilisha siku bila kumwarifu MK. MZ akichelewa kwa zaidi ya saa mbili. Jina langu limetajwa juu kabisa mara moja, halafu halionekani tena mpaka mahali pa sahihi. Nilikuwa nimeishi na kijitabu hiki chumbani miezi minane bila kujua naitwa hivyo.

Wikendi nayo ilikuwa na mipaka yake, ya saa na dakika. Kisha nikafika kwenye mstari wenyewe: "Likizo maana yake ni likizo ya Aprili, likizo ya Agosti na likizo ya Desemba." Nukta.

Niliusoma tena na tena, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko ambao ameshaupekua.

Alhamisi asubuhi niliwaambia wateja nina dharura, nikaenda Thika. Nilikuwa bado nina hasira. Nilitaka wakili aniambie kuna kosa. Wakili alikuwa kortini. Nilimkuta karani wake, Bi Zainabu, mama wa makamo mwenye hijabu ya kijivu na miwani iliyofungwa kamba. Ndiye anayepiga chapa mikataba yote ya ofisi ile, na wetu pia aliupiga yeye.

"Mama," nikamwambia, "naomba unijibu kitu kimoja tu. Likizo fupi ni likizo au si likizo?"

"Ya l ndogo au ya L kubwa?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Akanivutia kiti, akauchukua mkataba mikononi mwangu, akaniwekea ncha ya penseli chini ya lile neno.

"Ukiona neno la kawaida limepewa herufi kubwa katikati ya sentensi, jua limetengwa na wenzake. Usiende kuuliza maana yake kwa kamusi, wala shuleni, wala nyumbani. Unarudi kifungu cha kwanza. Likizo ya l ndogo ni ile unayoijua wewe. Hii ya L kubwa ni ile tu iliyoandikwa hapa."

"Na haya ya MZ na MK?"

"Hayo ni ya kuokoa karatasi," akacheka. "Majina yenu marefu. Yakirudiwa mara arobaini mkataba unakuwa kitabu. Halafu jina huweza kukosewa herufi moja, mtu akaruka akasema huyo si mimi. MZ ni wewe peke yako, tangu juu mpaka chini. Huwezi kumkana."

Akageuza penseli. "Tazama hapa kwa Mawasiliano. Tumeandika *inajumuisha*: simu, barua, na kuhudhuria shughuli za shule. Hapo tumeacha mlango. Hata jambo ambalo hatukulitaja, kama linafanana na hayo, linaweza kuingia. Sasa tazama Likizo. Hapa tumeandika *maana yake ni*. Hapo tumefunga. Kilichotajwa ndicho hicho, hakiongezeki."

Nikaona ndiyo hii nafasi yangu. "Na ni nani aliyesema mfunge? Si ni yeye? Mwalimu?"

Bi Zainabu alinitazama juu ya miwani. Aliinuka, akafungua kabati la chuma, akarudi na faili letu. Ndani kulikuwa na rasimu ya kwanza, ile waliyotutumia kila mmoja aisome kabla ya kuja kutia sahihi. Mstari wa Likizo ulikuwa hivi: "Likizo inajumuisha likizo zote za shule, ndefu na fupi." Ulikuwa umekatwa kwa kalamu ya buluu. Pembeni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, Bi Zainabu alikuwa ameandika: *MZ amepiga simu. Ameomba likizo fupi ziondolewe. Kazi.*

"Ulipiga mwenyewe," akasema polepole. "Nilikuuliza mara mbili."

Nilitaka kusema hapana. Lakini tayari nilikuwa nimekumbuka. Nilikuwa ndani ya chumba baridi cha shamba moja la maua, nimepanda ngazi, glavu mikononi, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Kazi zilikuwa nyingi kipindi hicho na nilizikimbilia zote, kwa sababu nikiwa kazini sikulazimika kufikiri. Rasimu sikuifungua; wakili alikuwa amenitajia tu kwamba likizo zote zimo. Nakumbuka nilivyosema. Nilisema: "Hizo za siku tatu, nne, msiniwekee. Nisipofika nitaonekana nimevunja mkataba."

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu. Kwamba nitaonekana.

Siku hizo nilizikataa mimi mwenyewe, kwa simu ya dakika moja, halafu nikasahau kabisa kama mtu anavyosahau alipoegesha ngazi.

Bi Zainabu alinimiminia chai ya chupa, ya tangawizi. Hakunihukumu, au kama alinihukumu alijizuia. Baadaye akasema, "Mkataba unasema unachoweza kudai. Haumkatazi yeye kukupa zaidi. Ila kuomba na kudai ni vitu viwili, na nahisi jana ulidai."

"Nilidai," nikasema.

"Basi leo omba. Na mkikubaliana, tunaandika marekebisho. Ni ukurasa mmoja. Mnatia sahihi wote wawili, yameisha."

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi za jengo lile, watu wakinipita juu na chini, nikapiga simu. Nilianza na baba yake. Nilisema nilichosema juu yake kilikuwa kichafu na ninaomba msamaha. Kisha nikamwambia nimeiona rasimu.

"Nilijua hujasoma," Mama Shiku akasema. "Nilikuwa nangoja ukumbuke mwenyewe. Hata mimi nilikosea, ningekuambia tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ya mwezi wa pili."

Sikuelewa. Ndipo akanieleza. Likizo fupi ya mwezi wa pili nilikuwa nimemwambia Shiku kwa simu kwamba nitakuja. Nilisema vile watu husema, kumaliza mazungumzo vizuri. Mtoto alipanga nguo zake, akaketi karibu na mlango na begi magotini tangu asubuhi mpaka saa sita. Mama yake alimwambia, "Shiku, hizi siku hazimo kwa mkataba wa baba." Naye akauliza, "Mkataba ni nani?"

Nilishika chuma cha ngazi. Mzee mmoja aliniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa.

"Ninaomba," nikamwambia Mama Shiku. "Sidai. Ninaomba hata siku moja, nimpeleke kwa Cucu wake, kwa mama yangu."

"Nitamuuliza mwenyewe. Nikuambie kweli, sitamlazimisha."

Nikasikia simu ikipita mkono mmoja kwenda mwingine, kisha pumzi ya mtoto karibu kabisa na sikio.

"Baba."

"Maitu, uko poa?"

"Niko poa. Baba, kina Njeri wa Aunty wameshanitandikia kitanda kule Nyeri. Tumepanga vitu vingi. Usikasirike."

"Sijakasirika."

"Utamwambia Cucu?"

"Nitamwambia."

"Haya. Bye, Baba." Akairudisha simu kwa mama yake, na huko nyuma nikamsikia akicheka kitu kingine kabisa.

Sikumlaumu. Nilijaribu kumlaumu njiani kurudi Ruiru, nikashindwa.

Ijumaa nilikwenda Gatundu peke yangu. Ningeweza kupiga simu. Nilifikiria sana kupiga simu. Mama alikuwa amesimama langoni amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa. Aliposikia sauti yangu akanyoosha mikono, akanishika uso, kisha akaendelea kutazama nyuma yangu. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu. Akatazama kwa muda, huku anatabasamu, na nikatambua anadhani mtoto amejificha mgongoni mwangu amfanyie mchezo.

"Sijaja naye, Mami."

Akateremsha mikono. Tulikaa jikoni karibu na moto na nikamweleza yote, kwa Kikuyu, hata ile sehemu ya ngazi na chumba baridi. Sikumwachia Mama Shiku lawama yoyote. Nilimweleza kwamba karatasini maneno hupewa maana mwanzoni, na baada ya hapo huwezi kuyatumia unavyotaka. Alisikiliza akichambua mboga kwa vidole tu, bila kuangalia.

"Kwa hivyo mle ndani wewe unaitwa MZ," akasema.

"Ndiyo."

"Na mtoto ni Mtoto."

"Ndiyo."

"Na mimi je? Naitwa nani?"

Nilikuwa nimeusoma mkataba ule mara nyingi vya kutosha kujua jibu.

"Hukutajwa, Mami."

"Haiya. Hata kwa herufi mbili?"

"Hata kwa moja."

Aliendelea na mboga zake. Kuni zililia kidogo motoni. Baadaye akasema, "Basi jogoo na akae," na tukala githeri ya mahindi na maharagwe. Alipokuwa akinisindikiza langoni alinishika kiwiko na kunong'ona kana kwamba kuna mtu anatusikiliza: "Njoroge, watu wakiandika karatasi, mtu ambaye hayuko hapo chumbani husahaulika. Wewe ulikuwa chumbani."

Nimekaa na hilo neno tangu Ijumaa.

Jana, Jumamosi, sikuenda kazini ingawa kulikuwa na kazi. Nilikaa na daftari mezani nikajaribu kuandika marekebisho mwenyewe, ili Bi Zainabu apige chapa tu. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Unaandika mstari, unauona umenyooka, halafu unajiuliza mtu mwenye hasira angeusomaje. Mtu kama mimi wa Jumatano.

Niliandika: "Likizo inajumuisha likizo zote za shule, ndefu na fupi." Yale yale maneno niliyoyakata, nikayarudisha.

Kisha nikaandika: "Cucu maana yake ni mama mzazi wa MZ, anayeishi Gatundu. Katika kila Likizo, MZ atampeleka Mtoto kwa Cucu, na Mtoto atalala huko angalau usiku mmoja kama Mtoto mwenyewe anapenda."

Mahali pa MZ nilijaribu kuandika Baba. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikaiacha MZ. Ndiye aliyepiga ile simu, na Bi Zainabu alisema huwezi kumkana.

Nikaipiga picha karatasi nikamtumia Mama Shiku. Alama zikaonyesha ameiona. Jibu halikuja. Jioni halikuja. Nilizima taa mapema nikalala na simu kifuani, na sioni aibu kuandika hivyo hapa, kwa sababu wanaosoma blogu hii ni wachache na hawanijui.

Jibu limekuja leo asubuhi, saa nne, kutoka Nyeri. Ni picha ya karatasi yangu, imechapishwa mahali fulani na kuandikwa juu kwa kalamu nyekundu. Ameisahihisha. Kumbe "atampeleka" nilikuwa nimeiandika "atampereka", naye amezungushia ile r duara dogo, kama alivyokuwa akinifanyia hata kwenye orodha za sokoni. Nilicheka peke yangu humu ndani. Sauti ilinishangaza.

Chini yake kulikuwa na ujumbe:

"Nimemsomea Shiku. Ya Cucu amekubali, na amesema usiku mmoja hautoshi, iwe miwili. Anataka neno moja liongezwe. Nimeliandika kama alivyolisema, sikugusa kitu: 'Kuja maana yake ni kufika.' Ukikubali, Jumatano saa nane kwa wakili."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaketi. Sijui kama ni yeye aliyechagua *maana yake ni* au ni mama yake aliyemfundisha tofauti. Vyovyote vile, hawakuniachia mlango, na sina wa kumlalamikia.

Nimetoka nikasimama barazani kidogo. Nguo za majirani zimeloa kwenye kamba, hakuna aliyezianua. Kwa mbali kanisani wanaimba. Likizo fupi inaisha leo, na Shiku jioni atarudi Kamenu bila mimi kumwona, na ingawa kuna wikendi na Agosti, likizo fupi nyingine ni ya muhula wa tatu. Ni miezi. Godoro dogo limesimama ukutani na shuka zake bado zina mikunjo ya dukani. Sitajidanganya kwamba karatasi itafupisha hiyo miezi.

Lakini nimelinakili neno lake kwa mwandiko wangu safi, kwa K kubwa, nikatia sahihi kando yake bila kungoja wakili.

Jumatano nilikuwa na kazi ya kutwa kule Juja. Nimempigia mwenye kazi sasa hivi nikamwambia atafute siku nyingine au fundi mwingine.

Saa nane, Thika. Nitafika saa saba.